Namba za Mgongoni

6 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama, mifupa yangu yote iko mahali pake ingawa lori lilijaribu kuipanga upya. Dereva uliyenitafutia wanamwita Breki, na nimeshajua kwa nini: mdomo wake hauna. Njia nzima alinisimulia ndoa yake, ndoa ya jirani yake, na jino lake la nyuma. Barua zetu atazibeba yeye kila akija kuchukua katoni, kwa hiyo ziba bahasha vizuri.

Ghala ni refu kama hotuba ya mgeni rasmi. Bati la nyuma limetoboka. Kampuni ilipokufa walitoka wakaacha kila kitu kilivyokuwa: meza ya mfunga mizigo, kikombe chake, kalenda iliyogota kwenye mwezi wa mwisho wa kazi. Katoni zimepangwa mpaka darini. Mlinzi wa geti kanipa chumba humuhumu ndani, kilichokuwa cha mhasibu, nimetandika godoro juu ya mbao.

Kazi nimeielewa hivi, unisahihishe. Kila mchezo wa video waliouchapisha una namba kwenye mgongo wa kasha: herufi mbili za aina ya mashine, tarakimu nne za mchezo wenyewe, na herufi moja mwishoni ya toleo. Namba hiyohiyo inatakiwa iwe kwenye lebo ya kaseti iliyo ndani, na kwenye kitabu cha maelekezo. Naziandika zote tatu, nakutumia nakala moja ya kila toleo huko makumbusho, zinazobaki zinakaa. Ghala likija kubomolewa, orodha yetu ndiyo itakayosema kwamba vitu hivi viliwahi kuwepo. Ndivyo?

Simu haishiki humu ndani, na yangu unajua ilikoishia; aliyenipa chupa akachukua simu bado anacheka. Lakini tangu nitoke kwako sijaonja kitu. Usiniulize kwenye kila barua. Nitakuwa nakwambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Kobe


17 Februari

Mdogo wangu Kobe,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikavuta kiti nikaisoma tena.

Kazi umeielewa. Nakuongezea jambo moja tu: ukikuta kasha lina namba hii na kaseti ina ile, usirekebishe. Andika ulichokiona. Kwenye katoni ya kwanza umeandika SM-0231-A mara mbili, mara moja kwa mchezo wa mbio za magari, mara nyingine kwa mchezo wa kujenga mji. Mkuu wa Idara alidhani ulisinzia juu ya kalamu. Nikamfungulia katoni, akaziona zote mbili. Halafu akasema, "Huyu ndugu yako ana jicho." Nimekunukulia neno kwa neno.

Usicheke, lakini nilipoupigania mradi huu kikaoni walinizomea. Michezo ya watoto iingie makumbusho? Nikawaambia hata vile vigae tulivyovifungia kwenye kioo vilikuwa vyungu vya jikoni kwa mtu. Nikasema mradi ukishindwa wachukue na meza yangu. Kwa hiyo ukiandika vizuri unaniwekea miguu chini ya meza.

Sikuulizi. Mama aliniachia wewe na cherehani, na cherehani imekufa, ndiyo maana nakuangalia sana.

Nimekutumia blanketi, sabuni, na simu ndogo. Ukipata mahali mtandao unaposhika nipigie, nisikie sauti.

Dada yako


3 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu uko kwako.

Mvua imeanza. Safu za nyuma zimelowa mpaka ukutani. Ukifungua katoni unapokewa na uvundo kama wa kiatu kilichofia mtoni, na juu ya makasha imeota kuvu ya kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Naifuta kwa kitambaa kikavu ndipo namba inatokea chini yake. Vumbi lake linapanda kama unga. Limenikwaruza koo kidogo, lakini ni vumbi tu.

Juzi mlinzi aliniuliza, "Kwani unatafuta nini humo?"

"Namba."

"Za simu?"

"Za michezo."

"Ya kampuni iliyokufa?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi maiti wako ni msafi," akasema, "hajadai chochote."

Dada, nimepata SM-0402-A. Kasha lina picha ya mwanamke ameshika taa. Nimepekua matangazo yote ya zamani ya kampuni yaliyobandikwa ukutani, hautajwi popote. Katoni moja tu. Nilikaa kitako na huo mchezo mkononi kama mtu aliyemkuta mtoto amepotea sokoni, na anapouliza ni wa nani hakuna anayejibu. Nimekutumia. Usiuweke mahali penye jua.

Simu nimeipata, asante. Nilipanda nayo juu ya tangi la maji, mtandao ukaja ukaondoka. Barua zinatosha. Kwenye barua mtu hufikiri kabla ya kusema.

Na bado sijaonja.

Kobe


11 Machi

Bwana Breki,

Salamu. Simu yako haipatikani na jambo hili haliwezi kungoja, nakuachia barua hii kwa mkeo.

Kuanzia safari hii usipeleke katoni makumbusho. Idara yetu imefungwa. Walikuja wiki iliyopita na karatasi moja, wakasema michezo haina tena fungu, na mimi nimeondolewa pamoja nayo. Mkuu alinisaidia kubeba vitu vyangu mpaka getini, halafu akarudi ndani.

Zilete nyumbani kwangu. Nauli yako haitabadilika. Posho ya ndugu yangu nitaiweka kwenye bahasha zilezile za makumbusho, ninazo kadhaa.

Nakuomba kwa unyenyekevu wote, Kobe asijue. Mara ya mwisho alipoachishwa kazi tulimtoa mtaroni akiwa na kiatu kimoja, na hakuna aliyejua ameanza kulala humo lini. Huyu wa sasa anaandika barua, anatania, hanywi. Sitaki mkono utakaomrudisha mtaroni uwe wangu. Najua watu wanavyokuita na sababu yake. Kwa hili moja, ndugu yangu, kanyaga breki.

Dada yake Kobe


11 Machi

Mdogo wangu,

Katoni zimefika. SM-0402-A imepokewa kama bibi harusi. Mkuu aliishika kwa ncha za vidole, akaniambia, "Mwambie asiache hata safu moja." Anataka ghala lote, mwanzo mpaka mwisho.

Ofisi inapakwa rangi, kwa hiyo kwa sasa Breki anazishusha kwangu. Usishangae akitaja mtaa wetu.

Hilo koo sukutua kwa maji ya moto na chumvi. Na ufunge kitambaa mdomoni unapofuta. Usinijibu kwamba ni vumbi tu. Vumbi ni vumbi likiwa nje ya mtu.

Mimi sijambo. Kazi nyingi, lakini nzuri.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Breki alilala hapa siku tatu kwa sababu barabara ilikatika. Tulizungumza. Au niseme alizungumza, mimi nikawasha jiko.

Safari hii Mkuu usimpe salamu zangu, atakuwa na mambo mengi.

Nimewaza jambo kuhusu kazi. Mimi kuandika namba zote tatu kunanichelewesha, na mwandiko wangu unaujua, kuku akipita matopeni anaandika vizuri zaidi. Tugawane. Mimi niandike ya mgongoni, wewe uandike ya kaseti na ya kitabu kutoka kwenye nakala ninazokutumia, halafu tulinganishe. Zikipishana tubishane. Anza asubuhi, mwanga wa asubuhi ndio mzuri kwa namba ndogo. Kaa karibu na dirisha, na ulifungue. Halafu ule. Nasema hivyo kwa sababu mtu akiwa na kazi nyingi husahau kula, sina sababu nyingine.

Kama nilivyokuahidi, nakwambia mwenyewe: sijaonja.

Kobe


19 Aprili

Mdogo wangu,

Ulikuwa sahihi na ninakuchukia kidogo. Kazi hii ni tamu kuifanya kwa mkono wako. Naifanya hapa nyumbani, kabla ya kwenda ofisini na nikirudi.

Sasa nisikilize. Herufi ya mwisho si ya toleo. Tumekosea tangu mwanzo. Nimeshika SM-0455-B, na kitabu chake kinasema wazi kwamba ni chapa ya kwanza. Nikarudi nyuma, nikakuta B nyingine kama hiyo, halafu nyingine. Zote B zina skrubu mbili nyuma ya kaseti, na zote A zina moja. Herufi ni ya kiwanda, Kobe. A ni kiwanda kimoja, B ni kingine. Hakuna aliyekuwa anajua. Niliinuka mezani nikazunguka chumba, au nilijaribu, maana katoni zimefika dirishani na jirani kaniuliza kama nafungua duka.

Ndiyo kusema turudie orodha yote. Mkuu amekubali. Amesema pia ukimaliza safu za mbele usiziache zile za nyuma, hata zilizolowa. Hizo hasa, kwa sababu ndizo zitakazokufa kwanza.

Kikohozi kimenishika na mimi. Nadhani ni ile rangi ya ofisini.

Dada yako


4 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, nimeandikia gotini.

A na B kumbe viwanda. Nimeangalia skrubu mwenyewe. Mama angesema umerithi macho ya mjombako, na mjomba alikuwa chongo.

Safu ya nyuma nimeianza. Katoni zimekuwa uji, zinamegeka mkononi. Nabandua kasha kwa kasha. Leo nimefanya machache kuliko jana. Nitafidia.

Mimi mzima.

Kobe


14 Mei

Kobe, mdogo wangu,

Barua hii Breki anaondoka nayo sasa hivi, lori linanguruma mlangoni. Ukiisoma usimalizie hata kasha ulilonalo mkononi. Toka nje. Kaa nje mpaka apakie vitu vyako, kisha panda gari urudi naye. Nimekutandikia kitanda.

Nilikwenda kwa daktari kwa ajili ya hiki kikohozi. Akaniuliza ninafuga ndege? Ninalala kwenye nyumba yenye unyevu? Nikamweleza katoni. Akaweka kalamu chini. Akasema hiyo kuvu inaingia kwenye mapafu na inaweza kukaa humo, nizitoe ndani leo. Mimi nina katoni za sebuleni. Nikakukumbuka wewe, unalala katikati yake na unaifuta kwa kitambaa kikavu. Nilitoka bila hata kuchukua dawa.

Na kuna jambo ninalopaswa kukwambia kabla hujanitazama usoni. Hakuna Mkuu. Hakuna ofisi wala rangi. Walinifukuza mwezi wa tatu, mradi wakaufunga siku ileile. Sifa zote nilizokuletea baada ya hapo nilizitunga mezani kwangu. Niliogopa kwamba ukijua utarudi kule nilikokutoa. Nilikuona kama kikombe chenye ufa, nikasema nisikiguse, na huku nimekiacha motoni.

Unitukane ukifika. Nitakupikia kwanza, halafu unitukane.

Dada yako


14 Mei, hospitali

Dada,

Shikamoo. Muuguzi amenipa karatasi kwa sharti kwamba nisiseme. Nimemwambia hilo ni sharti jepesi, pumzi zenyewe nazihesabu kama mtu wa safari ndefu anavyohesabu maji.

Usiogope mwandiko. Juzi nilianguka kwenye safu ya nyuma, mlinzi akanipakia kwenye toroli la katoni, akanisukuma mpaka barabarani. Nimeingia hospitali kama mzigo usio na namba. Hapa wamenivalisha mpira wa hewa puani. Daktari anasema mapafu. Anasema na mengine, lakini anamwambia muuguzi, haniambii mimi.

Sasa nikwambie. Najua walikuachisha kazi. Nilijua tangu Breki alipolala hapa. Usimkasirikie, siku ya kwanza alijitahidi mpaka jasho likamtoka, siku ya pili likamponyoka wakati anasimulia jino. Nilitaka kurudi na lori lilelile. Lakini nilikuwaza, umeamka asubuhi, huna pa kwenda, na wewe tangu msichana hujawahi kuamka bila pa kwenda. Nikasema, akiwa na katoni atakuwa na asubuhi. Ndipo nikakuletea yale maneno ya kugawana kazi. Ulipoandika habari za skrubu nilicheka mpaka nikakohoa, nikajua nimefanya vizuri.

Kikohozi nilikuficha. Simu pia ilikuwa nzima, mtandao ulishika vizuri tu pale juu ya tangi. Ungenisikia dakika moja ungenijua. Kwa hiyo tumetoka sare, usije ukaanza kulia peke yako kana kwamba mkosaji ni mmoja.

Sijaonja mpaka leo. Hilo andika kwenye orodha.

Njoo unichukue. Njoo mwenyewe, usimtume Breki, ataninong'onezea habari za ndoa yake mpaka niombe kufa.

Mdogo wako,
Kobe


21 Mei

Dada yetu,

Pole tena, na tena. Niliyokwambia kwenye simu siku ile sikuyapanga vizuri, ndiyo maana nakuandikia, mimi nisiyeandika.

Barua yako nakurudishia. Haijafunguliwa. Nilifika ghalani nayo mfukoni nikakuta kufuli, mlinzi akanielekeza hospitali. Muuguzi akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema dereva. Akasema, "Dereva, umechelewa. Ametutoka asubuhi." Akanipa hii yake, ameiziba bahasha kwa utepe wa dawa. Nimeziweka zote mbili pamoja.

Siku ya mazishi nilikaa nyuma ya watu nikashindwa kukusogelea. Mimi ndiye niliyemwambia habari ya kazi yako. Na yeye ndiye aliyenikataza nisikwambie kwamba anakohoa damu. Nilimwona mwezi wa nne anatema kwenye kopo. Nikamwambia, "Kobe, hili namwambia dada yako." Akanishika shati. "Ukimwambia atakuja kunitoa," akasema, "halafu pale mezani pake atabaki na nini?" Basi nikanyamaza mahali pa kusema, na nilikuwa nimeshasema mahali pa kunyamaza. Sijui nitaiweka wapi hiyo.

Jambo la mwisho. Mwenye ghala ameleta watu wa kubomoa. Mimi ndiye niliyekodiwa kupeleka katoni jalalani. Nina watoto, sikukataa. Nimeshamwaga safari mbili. Ya tatu ni ile safu ya nyuma, aliyokuwa akiifanya. Ipo juu ya lori nyumbani kwangu, nimeifunika turubai. Mke wangu hataki iwe karibu na nyumba. Nangoja neno lako. Ukisema nizilete, nitazileta.

Breki


16 Juni

Bwana Breki,

Nimechelewa kukujibu. Watu walikuwa bado wanakuja kunipa pole. Walikaa sebuleni katikati ya nafasi zilipokuwa katoni, wakaniuliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani, nikawaeleza, na kila mara mmoja aliuliza, "Michezo? Hii ya watoto?" Mwishoni nikawa nasema alikuwa karani.

Sikukasirikii. Kwa kumwambia ulivunja ahadi, lakini ulimpa sababu ya kunionea huruma, na ile barua aliyoniachia isingekuwepo. Kwa kunificha ile damu, hapo sijafika. Nikifika nitakwambia.

Mkuu alikuja. Yule wa makumbusho, wa kweli. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akasema amesikia, akasema kama orodha ipo wangeweza kuipatia rafu sasa, mambo yamebadilika kidogo. Nilitaka kumfungia mlango. Nikampa. Aliifungua, akasoma habari ya viwanda na skrubu, akauliza nani aligundua. Nikasema sisi.

Kuna neno sijamwambia mtu. Kobe alinisamehe kila kitu alichokijua, lakini kimoja hakukijua. Kwa nini niliitaka ile safu ya nyuma. Nilimwandikia kwamba Mkuu anaitaka, hata iliyolowa, hiyo hasa. Mkuu hakusema hivyo. Alikuwa hanisalimii tena. Na Kobe alijua kwamba Mkuu hayupo, kwa hiyo alijua kwamba anayeitaka ile safu ni mimi. Akaingia. Nilikuwa naona orodha inakaribia mwisho, nikaogopa asubuhi itakayofuata. Nilisema naogopa kwa ajili yake. Nimelala na jambo hili na kuamka nalo, nami sioni nilipokuwa nikimwogopea yeye.

Shehena hiyo imwage. Usiniletee hata kasha moja. Mkono wake uliishia SM-0617-B. Kutoka hapo mpaka mwisho nimechora mistari, nikaiacha tupu. Mkuu aliniuliza kama aandike "haijulikani". Nimemkataza.

Funga kitambaa mdomoni unapoimwaga, na usimpeleke mtoto. Ukitoka jalalani oga, ubadilishe nguo, kisha upite hapa. Madirisha yako wazi na mezani pana nafasi ya watu wawili. Unieleze zile siku tatu mlizokaa naye barabara ilipokatika, alikula nini, alisema nini, alikohoa mara ngapi. Ukifika kwenye mabaya usipunguze mwendo.

Dada yake